Koti la Gari la Baba

Jumatatu, Desemba 16

Kaka Aital, naahidi kukueleza yote, hata yatakayonitia aibu. Uko Yakutsk unasomea injini, kwa hiyo wewe ndiye utakayenielewa. Kurasa hizi ni zako peke yako. Dereva wa barua atakuletea.

Kwanza, Mama amejifungua! Mtoto wa kiume, sauti kama ya ndama. Wataruhusiwa Ijumaa. Nashukuru sana.

Shida ni petroli. Lori la mafuta limekwama njiani, na unalijua gari letu. Kwa baridi hii halizimwi, maana injini ikiganda haiwaki tena. Linanguruma uani usiku kucha, linakunywa na haliendi popote. Baba amechungulia pipa. Amesema tukiendelea hivi, Ijumaa hatufiki hospitali.

Shuleni Dayaana wa jirani kajigamba tena. Injini yao inalala chini ya blanketi la rangi ya fedha kutoka mjini. Jioni inazimwa, asubuhi inawaka mara moja. Akaniambia, "Nyinyi ifunikeni kwa soksi za bibi yako." Nilitabasamu. Moyoni nilichemka.

Jumanne, Desemba 17

Mwalimu Oktyabrina ametufundisha kwamba joto hutafuta upenyo. Ukiziba upenyo, joto linabaki.

Jioni nilikwenda kukamua. Nje nyuzi hamsini chini ya sifuri. Zizini ndama wamejilaza kama wako karibu na jiko! Kwa nini? Kuta zimepakwa kinyesi cha ng'ombe. Ng'ombe ana joto. Injini ina joto. Kaka, nusura nimwage maziwa!

Nilimwuliza Bibi namna ya kupaka. Alinishika mashavu, machozi yakamlengalenga. Alidhani kazi hii ingekufa naye. Akanielekeza: kiwe kibichi, kisiwe na nyasi ndefu, upake kwa kiganja, usiache ufa. Nilimshukuru. Sikumwambia nataka kupaka nini.

Jumatano, Desemba 18

Nimemwomba Baba azime gari kwa saa moja, nilifunike kisayansi. Alikuwa hoi kwa usingizi. Alikubali, akaingia kunywa chai.

Nikatandika blanketi la sufu juu ya injini. Nikafunga boneti. Nikapaka ukingo wote wa boneti, kisha mbele ya rejeta. Na kwa kuwa ndoo ya pili ilikuwa bado inafuka mvuke, nikapaka milango pia. Kila ufa! Kazi safi.

Baba akatoka. Akavuta mlango. Akavuta tena, mguu mmoja juu ya gurudumu. Kinyesi kilikuwa kimeganda kama chuma. Akapitisha mkono chini ya gari, akasema injini bado ina moto.

Nilifaulu! Ila hakuna aliyeweza kuingia.

Bibi alitoka na shali begani. "Sandaara! Mtoto wewe! Tunapaka Septemba, kikauke kabla ya baridi! Lini uliniona napaka zizi Desemba?"

Kweli. Mwezi sikuuliza.

Kufikia usiku injini nayo ilikuwa barafu. Baba hakunigombeza. Aliketi tu, ameshika viatu vya manyoya alivyomshonea mtoto. Vinatosha kidole gumba changu. Heri angenigombeza.

Alhamisi, Desemba 19

Baba alijaribu mtaimbo wa kutobolea barafu ya mtoni. Ulivunja taa moja. Kinyesi hakikutikisika.

Ndipo akaja Bwana Gavril, baba yake Dayaana, na turubai na bomba la kutema moto. Akalifunika gari kama hema, akawasha chini. Kikaanza kuyeyuka. Harufu hiyo, Kaka! Mtaa mzima ulitoka. Bwana Gavril akachomoza kichwa akikohoa: "Jirani, hongera! Na gari lako nalo limejifungua!" Baba akacheka. Mara ya kwanza tangu jana.

Dayaana alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Kisha akaondoka, akarudi na lile blanketi lao. "Shika. Mtoto asije akaganda kwa sababu ya akili za dada yake." Nilisema asante. Nilimaanisha.

Jumamosi, Desemba 21

Wako nyumbani! Mtoto ana pua yako.

Petroli ilitosha na kubaki. Tangu Jumatano hadi safari ya jana gari halikunguruma uani usiku, halikunywa hata tone. Naomba familia ikubali kwamba mpango wangu ulichangia.

Baba alipofungulia hewa ya moto njiani, Mama aliuliza ni mnyama gani amefia ndani ya gari. Mtoto alilala safari nzima. Nadhani alijisikia zizini.

Bibi ameulisha moto siagi na chapati, kama ada yake ya kushukuru, ameshukuru kwa sauti. Mimi nimeshukuru kimya: kwa Mama, kwa Bwana Gavril na bomba lake, kwa Baba asiyegombeza. Hata kwa Dayaana.

Baba amenikumbatia, kisha akaniapisha kwamba kinyesi cha ng'ombe hakitagusa tena gari lake. Nimeapa, na nitashika kiapo. Lakini blanketi limerudi kwa wenyewe, na gari linanguruma tena uani. Linakunywa.

Nimefikiri sana. Baba ametaja ng'ombe tu. Farasi wetu wanalala nje kipupwe chote wala hawalalamiki. Kaka, tafadhali nijibu kwa dereva huyuhuyu anaporudi: kinyesi cha farasi nacho huganda upesi hivyo?