Siku Niliyotaka Daftari Lisomwe kwa Sauti

Leo nimejiaibisha mwenyewe, ndugu zangu, na nauli nimelipa mimi. Nawaandikia haraka kabla hamjasikia kwa watu wa Muleba. Wao wataongeza chumvi.

Mnajua nilivyokuwa nikisema. Kwamba shamba letu ni nyarubanja, yaani shamba kubwa la bwana, na wanaokaa ndani yake humtolea sehemu ya mavuno. Na kwamba jirani yetu Ma Kokubanza, yule mjane, anakaa kwenye kipande ambacho babu yangu alimpa babu wa mumewe kwa huruma. (Nani aliniambia? Hakuna. Nililikuta tu kichwani.)

Juzi akapanda miti ya mpaka. Nikamwambia, "Ma, twende bomani Bukoba. Daftari lisomwe na wewe ukiwepo." Akasema sawa.

Tumefika asubuhi. Karani wa ardhi, Bwana Sefu, mtu mpole wa mjini, akatoa daftari lililoandikwa baba yangu alipokuwa kijana. Benchi lilijaa watu wakingoja zamu zao.

"Soma kwa sauti, karani," nikasema. "Sina cha kuficha."

Akasoma. Bwana wa shamba: babu wa marehemu mume wa Ma Kokubanza. Anayekaa ndani yake: Kyaruzi, mgeni kutoka Karagwe. Amepewa kipande cha juu ya kijito. Kila mavuno hutoa kibuyu cha lubisi, yaani pombe ya ndizi.

Kyaruzi ni babu yangu.

"Umesoma kinyume," nikamwambia. "Jina la juu ndilo la chini."

"Mwalimu," akasema, "kusoma unajua. Soma mwenyewe."

Nikasoma. Tena kwa sauti, maana ndivyo nilivyozoea darasani. Mzee mmoja kwenye benchi akauliza kama hiyo lubisi bado inatolewa. Benchi zima likacheka. (Mimi ni Mlutheri. Pombe naipita kwa mbali.)

Nikamgeukia Ma. "Ulikuwa unajua?"

"Mama mkwe alinisimulia. Babu yako alifika na njaa, amebeba mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye baba yako."

"Mbona hukuniambia tangu nyumbani?"

"Ulikuwa unajisifu vizuri, nikaona haya kukukatiza. Halafu sijafika Bukoba siku nyingi."

Nilimkumbuka baba, kila mwaka akipeleka mizigo ya nyasi kutandaza kwenye migomba ya kina Ma, nami nikidhani ni wema wake tu. Hakuwahi kunieleza. Labda alitaka mmoja wetu akue bila kujihesabu mgeni. Nami nikakua hivyo, mpaka nikapitiliza.

Bwana Sefu akamuuliza Ma kama anataka nakala, endapo ataamua kudai haki yake. Nyumba yangu, kahawa yangu, makaburi ya wazazi wangu, vyote viko juu ya kijito kile.

"Hapana," Ma akasema. "Andika tu kwamba tumekuja, tumeona. Hawa wameshazika kwetu. Ni wa kwetu."

Kwenye basi la kurudi nilimwachia kiti cha dirishani. Alilala njia nzima, mimi sikulala.

Sasa imebaki kumweleza mke wangu, ambaye nilimposa nikijiita mwenye nyarubanja. Naombeni mngoje nimalize hilo, ndipo mcheke.