Majani ya Mgomba Kwenye Njia ya Nkunga

Jumatatu, 11 Agosti 2025. Ruiri.

Kosa la watu wengi wanapokwenda kutazama ziwa ni kutafuta kiongozi mwenye miguu. Anayehitajika ni mwenye elimu. Ziwa Nkunga limo ndani ya mdomo wa volkano iliyozimika. Nimelifundisha miaka thelathini na mmoja, kwa chaki za rangi. Kufika huko sijawahi. Hilo halikuulizwa.

Kilichoulizwa leo kwenye kikao cha ukoo ni nani atawatembeza wakwe. Mjukuu wangu Kaari ameposwa na Nyamu, kijana wa Siakago. Wazee wake wanakuja Jumamosi. Kwao ni kukavu; wanataka kuona maji yaliyotulia juu mlimani. Ukoo umeamua: atakayewatembeza vyema ndiye atakayekuwa msemaji wetu kwenye mazungumzo ya ndoa. Nilisimama haraka kuliko goti linavyoruhusu. Nikasema njia naijua hata nikifumba macho.

Binamu yangu Kiunga, mrina asali, ana mizinga msitu huohuo. Akaniuliza kwa upole: Mwalimu, ule mti mkubwa ulioanguka tunaupitia kushoto au kulia? Nikamjibu inategemea mtu anatoka wapi. Watu walicheka. Nitawaonyesha!

Jumatano, 13 Agosti.

Nimekwenda kwa siri. Ukungu. Nimepotea mara mbili kabla ya saa nne. Kisha kinyesi cha ndovu, kibichi, kinatoa mvuke. Nikasimama nikajieleza kwa utulivu kwamba ndovu husikia kwa nyayo. Nyayo zangu zilikuwa zinatetemeka. Basi habari alikuwa nazo.

Saa saba nimefika ukingoni. Mahali pa kutazamia ni pawili, na maji yako chini kabisa, ya kijani kizito. Pazuri mno. Sikutazama. Nilikuwa nawaza nitarudije.

Ijumaa, 15 Agosti.

Mpango! Nimechana majani makavu ya mgomba na kuyafunga kwenye miti thelathini na miwili, kila njia panda, hadi ukingoni. Rangi ni ya udongo. Mgeni hatayaona. Mimi nitayafuata huku nikieleza volkano bila kusita.

Kiunga alinikuta natoka msituni na mabaki ya majani. Akauliza kama siku hizi nafuga mbuzi. Nikasema ndiyo. Akauliza ni mbuzi gani anayekula jani kavu. Nikasema wa kisasa.

Jumamosi, 16 Agosti.

Maafa.

Wakwe saba, mbele yao Mzee Ndambiri, babu yake Nyamu. Jicho kali. Nyuma walifuata Nyamu, Kaari na Kiunga. Nilianza vizuri: moto, majivu, maelfu ya miaka. Kwenye mti wa kwanza Ndambiri akasimama. Akalitazama jani. Wenzake wakasimama pia.

Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtoto wa huku analijua. Jani la mgomba likifungwa mtini, wazee wamekataza. Usipite. Usiguse. Na wa kulifungua ni aliyelifunga tu.

Ndambiri akauliza nani amefunga. Nikasema pengine upepo. Akauliza tangu lini upepo wa Meru ukajua kupiga fundo. Akanyoosha fimbo, akahesabu mengine matatu mbele. Kisha sauti yake ikashuka. Mmetuita, akasema, halafu mmetufungia njia. Kama msichana hatolewi, semeni tu. Siakago tunajua kurudi.

Nyamu akamtazama Kaari. Kaari akanitazama mimi. Fundo langu analijua. Ndilo nililomfundishia kufunga viatu.

Nikikiri, usemaji umekwenda. Nikinyamaza, ndoa imekwenda. Nikamtazama Kiunga. Hakunisaidia, wala hakunichongea. Nikaanza kueleza chimbuko la mila ya majani. Mmoja wa wakwe akageuka, akaanza kushuka. Wa pili akamfuata.

Kaari akasema polepole: Babu, fungua.

Vidole vilikataa. Fundo la kwanza nililikata kwa meno. Nikasema mimi ndiye niliyefunga, kwa sababu njia siijui.

Ndambiri aliliokota jani, akalitazama fundo lililotafunwa. Halafu akacheka hadi akaushika mti. Akasema afadhali mkwe anayepotea kuliko mkwe anayekataa. Lakini hakusogea bure: kila jani nililifungua mbele yake, moja moja, yote thelathini na mawili. Hadi mahali pa kwanza pa kutazamia yalinifikisha. Pa pili Kiunga aliongoza. Wakwe walisimama wakayatazama maji. Kaari alikuwa analia na kucheka.

Posa iko palepale. Msemaji ni Kiunga.

Jumapili, 17 Agosti.

Kanisani wananiuliza kama mbuzi wangu wa kisasa hawajambo.

Nimetafakari bila hasira, kama mtu mzima. Kutia alama kulikuwa sahihi. Kilichoniponza ni jani. Na Ndambiri ametuma habari: kabla ya mazungumzo atawaleta akina mama wa Siakago kuona ziwa, na anataka Kiunga ashike njia, mimi nieleze volkano. Nigawane kazi na Kiunga? Nikishika zote mbili, ukoo utafikiri upya.

Chokaa! Chokaa haina mila. Kweli, huku mawe yakipakwa chokaa watu hutoka na mapanga wakidhani mashamba yao yanapimiwa barabara. Lakini hiyo ni vijijini. Msituni nani ana shamba?

Leo, kabla duka la Njura halijafungwa: nunua chokaa kilo mbili na brashi.