Kiti cha Mbele na Manyoya ya Jogoo Wangu

Jumatatu, 9 Septemba

Verlene anataka kiti changu! Miaka miwili tangu tumzike Arvid wangu nimekaa mbele ya mashua yake. Dada yake huyu, wifi yangu kwa miaka hamsini, hajawahi kutia neno. Leo ametia. Dukani kwa Delmar muuza chambo, watu wanasikia! Eti Arvid alituachia mashua sote wawili, kwa hiyo mbele tupokezane. Eti maisha yake yote anatazama migongo, kwanza wa kaka, sasa wangu.

Ageuze shingo basi. Wa mbele hurusha chambo kwenye maji yasiyoguswa. Wa nyuma huokota makombo. Na maski si samaki wa makombo. Mrefu kama mguu wa mtu, meno msumeno, unaweza kurusha wiki nzima umwone mmoja.

Delmar alichoka na kelele zetu. Akasema tushindanishe chambo. Changu nimekifunga mwenyewe, manyoya ya jogoo wangu niliyemla Pasaka. Chake ni cha dukani: vibati viwili vya shaba vinavyozunguka, nyuma yake manyoya mengi kama ufagio wa tajiri. Atakayemwingiza maski kwenye wavu kwanza, kiti ni chake mpaka ziwa ligande. Mwisho Ijumaa.

Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Verlene hata kifungo anabandika kwa gundi. Atanishinda na nini?

Jumanne, 10 Septemba

Nimeloweka manyoya yangu usiku kucha kwenye maji ya bitiruti. Maski anapenda rangi, kila mtu anajua. Nilipokirusha, ziwa likawa la waridi. Verlene akaniuliza, wifi, umeleta chambo au supu?

Saa nne akaja! Mkubwa, wa kijani, kimya kama mdaiwa, pua yake shubiri moja nyuma ya manyoya yangu, mpaka ubavuni mwa mashua. Nikainua chambo nione rangi iliyobaki. Haikubaki. Samaki naye hakubaki.

Verlene akapiga kelele mpaka ng'ambo: "Nane, wifi! Chora nane!" Ndiyo desturi ya watu wa hapa. Chambo kikifika mashuani hukitoi, unazamisha ncha ya ufito wa kuvulia na kuchora nane kubwa majini, maski anakizungukia, mara nyingi anakidaka hapo hapo. Nikamwambia shule niliiacha zamani, na sitaanza leo kuandika tarakimu kwenye maji.

Kosa ni bitiruti.

Jumatano, 11 Septemba

Verlene aliposhuka kwenda kichakani, nikatoa mkasi. Nikakinyoa chambo chake mpaka kikafanana na kuku aliyeponea mwewe. Nikatupa manyoya majini, nikakaa kama mtakatifu wa kanisani.

Kumbe! Manyoya yakipungua, vibati vinazunguka kwa kasi zaidi. Alirusha mara tatu tu, maski akakirukia kwa kishindo! Akaponyoka, Mungu ni mkubwa. Lakini mshipi ulimchana Verlene kidole. Damu! Nilimfokea mpaka bata wakahama. Mwanamke wa miaka sabini na minne hajui kuvaa glavu? Nikamfunga kwa kitambaa changu cha kichwani, kile kizuri, nikamvisha glavu zangu. Akasema mkono wangu mwepesi. Nikasema na kichwa chako pia.

Halafu akakigeuzageuza chambo. Akasema ajabu, jana kilikuwa na manyoya tele. Nikamwambia vitu vya dukani havidumu.

Changu nilikipaka mafuta ya bekoni. Hakuna kilichokuja ila nyigu.

Alhamisi, 12 Septemba

Upepo mkali, mashua haitoki. Verlene anakohoa. Nikampelekea supu ya kuku, nikiwa na nia mbili: apone, na nimwibie chambo.

Nimemkuta amelala mdomo wazi, Arvid kabisa. Nikamfunika blanketi la pili. Nikaosha vyombo, jiko lake aibu. Nikapasua kuni. Nimefika nyumbani ndipo nikakumbuka chambo! Nikarudi mbio. Ameamka, amekishika mkononi, anakisugua kutu. Akasema Hedvig, umerudi kuniangalia mara ya pili, hata mama yangu hakuwa hivi. Akatoa machozi.

Mtu anaibaje hapo? Nikamwambia anywe supu, anyamaze.

Ijumaa, 13 Septemba

Nimedhulumiwa!

Leo nimeongeza manyoya mara mbili. Jogoo mzima kasoro kuwika. Tukafika kwenye mwamba, nikarusha, nikavuta, na chini ya chambo changu nikaona gogo. Gogo likapiga mkia. Maski! Mkubwa kuliko wa Jumanne! Akanifuata mpaka mashuani, nikamwona jicho. Nikainua chambo kidogo tu, kuhakikisha manyoya hayajashikamana. Yalikuwa yamekaa vizuri sana.

Mwizi yule akapita chini ya mashua, akatokea upande wa Verlene, naye anachora nane zake kama mpishi wa uji. Nane ya kwanza. Ya pili. Ya tatu akakidaka! Ufito ukapinda, Verlene akaniita majina yote ya watakatifu, nikashika wavu.

Nakiri hapa, maana ni daftari langu: mkono wangu uliwaza uovu. Kuuchelewesha wavu kidogo tu, nani angejua? Lakini nikaona mikono ya Verlene inang'ang'ania ufito ndani ya glavu zangu, na yule samaki mzuri mno. Nikamchota. Inchi arobaini na nne! Tukampima, tukamrudisha majini. Verlene akanikumbatia tukakaribia kuzama.

Jioni kwenye karamu ya kijiji ya samaki wa kukaanga, ya kila Ijumaa, nikamweleza Delmar kwamba samaki alikuwa wangu, Verlene alimpokea tu. Watu walicheka mpaka kabichi zikawatoka mdomoni. Delmar akasema, bibi, asiyekubali kushindwa si mshindani. Nikamwambia mimi si mshindani, mimi ni mwenye kiti.

Akasema hapana. Kiti ni cha Verlene.

Jumamosi, 14 Septemba

Verlene amekuja na mto wa kukalia mbele. Mto! Wenye maua! Amekaa kifua mbele, amepaka na rangi ya mdomo. Nikamsifu. Nikampa mkate na jibini. Nikaenda kukaa nyuma, mtu mwema.

Sasa, aliye nyuma ndiye mwenye injini. Na injini ina gia ya kurudi nyuma.

Tumezunguka ziwa lote kinyumenyume! Mimi kwanza, Verlene wa mwisho, na maji yasiyoguswa yote yangu. Verlene alitukana Kinorwe cha babu zake, Kiingereza, na lugha nyingine sijui alijifunzia wapi. Maji yalipanda tezi, huko nyuma nilikokaa, yakajaa viatuni, jibini likaelea. Wavuvi wa mashua nyingine walisimama na kuvua kofia. Heshima hiyo.

Karibu na matete, maski akatoka. Alinifuata hatua kwa hatua hadi ubavuni, mdomo unafunguka. Verlene akapiga kelele, nane, wifi, nakuomba, nane! Nikainua chambo juu kabisa ili Verlene aone vizuri nani yuko mbele.

Samaki akaenda zake. Tatizo ni jogoo. Kesho najaribu bata mzinga.