Gari Lililonukia Sabuni

Thuku alipomwona yule mzee akisimama mbele ya gari lake jekundu kwa mara ya tatu, alijua Mungu hajamtupa. Mtu akipita gari mara moja, anapita. Akirudi mara ya pili, huenda amepotea njia. Akirudi mara ya tatu ameshalinunua, imebaki kumwambia tu.

Lilikuwa gari la michezo la milango miwili. Mwitaliano mmoja alilileta Malindi ili watu wamtazame, na watu walipochoka kumtazama akarudi kwao, mwaka wa themanini na nne. Thuku akaliokota kwa bei ya kutupwa, yaani bei ya cherehani ya mkewe. Idah, ambaye cherehani hiyo ndiyo iliyomlisha yeye na mjanja wake, hakupiga kelele. Alisema tu, "Niletee cherehani ingine, ama shamba. Ukikosa zote mbili, narudi Nyeri kwa mama, na wewe ubaki ukipikiwa na gari."

Thuku alimpenda mkewe, na alijua Idah hatishi mtu mara mbili. Lakini gari lilikuwa na shida moja. Lilivuja oili. Halikuvuja kwa aibu, tone leo tone kesho, bali kama limeajiriwa kuvuja. Ukilijaza asubuhi, adhuhuri udongo wa Muyeye, mtaa wake, umeshiba. Mafundi wawili walilitazama. Wa kwanza alisema ni gasiketi, wa pili akasema ni laana, na wote wawili wakakubaliana kwamba dawa yake iko Italia.

Thuku hakuwa fundi, ila alikuwa na dawa yake. Aliiosha injini kwa mafuta ya taa mpaka ikang'aa. Alikanda sabuni ya mche na pamba, akaishindilia penye uvujaji, akaifunga kwa uzi wa Idah, kisha akajaza oili nzito ya trekta, isiyo na haraka ya kwenda popote. Mwisho akamwaga chini ya gari ndoo nne za mchanga mweupe alioubeba ufuoni. Dawa hiyo ilidumu saa tatu hivi. Wateja wengi hudumu nusu saa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Gari hili laenda?"

"Hii gari haiendi, mzee. Inaruka."

Mzee huyo aliitwa Randu, mkulima wa Adu, aliyekuja mjini kuuza korosho. Alivaa kofia iliyoliwa na jua, na vumbi lilikuwa limempanda hadi magotini. Thuku alimpima kwa jicho moja, akamweka katika fungu la watu wanaoibiwa wakasema asante. Mzee akapiga goti, akachungulia chini ya injini, akachota mchanga na kuuchuja vidoleni.

"Mchanga mweupe," alisema.

"Ni usafi tu, mzee."

Randu akafungua boneti, akanusa. "Lanukia sabuni."

"Mimi nikiuza gari naiogesha kwanza. Si hiyo ni heshima?"

"Ni heshima kubwa." Mzee akaifunga boneti taratibu. "Fedha sina, mwanangu. Nina shamba. Lina mikorosho thelathini."

Thuku nusura amkumbatie. Moyoni alimwona Idah akifungua mizigo aliyokwisha kuifunga.

Walifika Adu kwa rehema za sabuni. Mikorosho ilikuwepo kweli, imezaa. Pembeni, chini ya kibanda cha makuti, zilisimama nguzo saba za kuchongwa, zimepakwa rangi na kufungwa vitambaa. Mtoto yeyote wa Adu angemwambia ni nini, ila Thuku hakuwa na desturi ya kumwuliza mtu ambaye ameshamdharau. Watu hawa wanavisha hata nguzo, alijiambia. Zitafaa banda la kuku.

Wazee watatu waliitwa kushuhudia. Mkubwa wao, Mwambire, alisimama mbele ya zile nguzo, akamwaga tembo la mnazi chini, kisha akampa Thuku kata.

"Mwaga nawe kwa mkono wako. Taja jina lako."

Thuku aliona ni hasara ya kinywaji, lakini mtu anayekaribia kupewa mikorosho thelathini hagombani na adabu za watu. Akamwaga, akajitaja.

"Na utaendelea kumwaga?"

"Mpaka wachoke," alisema Thuku, na wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika.

Juma la pili alirudi na Idah, shoka begani, kung'oa nguzo. Hajainua shoka, Mwambire akamshika mkono.

"Hivi ni vigango, mwanangu. Ni wazee wetu waliokufa. Huyu ni babu yake Randu. Having'olewi, na shamba lenye vigango haliuzwi. Aliyemwaga tembo hapa amejitwika kuwatunza. Kila mavuno atawamwagia, na kuulisha ukoo."

"Ukoo ni watu wangapi?"

"Mwaka jana walikuja mia mbili. Mwaka wa njaa huzidi."

Thuku alikwenda mbio hadi kwa Randu, amejaa maneno. Alilikuta gari juu ya mawe, halina magurudumu wala boneti, injini ikizungusha mashine ya kusaga mahindi kwa mkanda, na akina mama wamepanga foleni hadi barabarani. Chini ya injini palikuwa na sufuria. Kanze, mke wa mzee, alikuwa akikinga oili iliyovuja na kuirudisha juu kwa kata, bila haraka, kama anayemwagia mchuzi.

"Mzee, ulijua hii gari inavuja?"

"Mwanangu, mchanga wa ufuoni umefika Muyeye, na injini yaoga sabuni. Nikasema, huyu ana lake la kuficha, nami nina langu. Tubadilishane." Randu akamsogezea kigoda. "Mimi nimechoka kulisha ukoo. Sasa nitakuwa mgeni wako."

Thuku alirudi shambani. Alimkuta Idah ameketi chini ya mkorosho, ameshajaza kikapu.

"Unarudi Nyeri?" aliuliza.

"Nirudi kwa nini? Nilisema shamba, umeleta shamba. Cherehani itatoka kwa hizi korosho, ukibakisha kitu baada ya wageni mia mbili." Akampa jembe. "Na mimi nataka kukuona ukilima."

Wakajenga nyumba ya fito. Haukupita mwezi, mchwa wakaingia. Majirani wakasema dawa ya mchwa ni moja tu, oili chafu, na inauzwa mashineni kwa Mzee Randu. Idah akamtuma mumewe na kikapu cha korosho na chupa tupu.

Kanze alichota kwenye sufuria, akaijaza chupa hadi shingoni, akapokea korosho. Njiani Thuku akafungua kifuniko, akanusa. Ilikuwa bado inanukia sabuni.