Kipofu na Kioo: Siku Tisa za Kulinganisha Kamera Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamua. Nanunua kamera ya maana. Miaka kumi na mmoja napiga picha za pasipoti kwenye chumba kisicho na dirisha. Kidevu juu, masikio yaonekane, usicheke. Basi! Imetosha.

Nataka kamera ya wakubwa, ile ya kulengea kwenye kidirisha cha pembeni. Hutazami kupitia lenzi kama kamera za watu wengine. Unachungulia kidirishani, katikati pana kiboksi, na mtu aliye ndani ya kiboksi anaonekana wawili. Unazungusha pete ya lenzi mpaka wale wawili wawe mmoja. Hapo ndipo unabonyeza. Na sensa yake, kile kibao cha ndani kinachopokea picha, ni kubwa, sawasawa na fremu ya filamu ya zamani. Nikiwaeleza watu haya, huanza kutazama saa.

Mjini zinazouzwa ni mbili tu. Ya kwanza iko duka la kamera, kwa yule dada anayevaa glavu hata akishika betri. Ina skrini mgongoni. Nimeibatiza Kioo. Ya pili ni ya Mzee Fleshi, mpiga picha mstaafu wa gazeti. Hiyo haina skrini kabisa. Mgongo mtupu! Unapiga, na huoni ulichopiga mpaka ufike kwenye kompyuta. Hiyo ni Kipofu. Naweza kununua moja tu, tena nikiuza taa za studio.

Mke wangu anaondoka Jumamosi. Kazi ya uuguzi, ng'ambo, mkataba wa miaka mitatu. Jioni, akikunja nguo, aliniambia ana ombi moja. Picha. Sisi wanne: yeye, mimi, binti yetu Pipi, na mama mkwe wangu. Aitundike ukutani huko aendako. Akasema ni aibu, mume ni mpiga picha na nyumba haina hata picha moja tuliyopiga sote pamoja. Nikamwambia aondoe shaka, atapata picha ya kuwatoa wenzake udenda. Moyoni nilikuwa nawaza jambo jingine: hayo ndiyo majaribio niliyokuwa nayatafuta.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya hila. Nilimwambia dada wa glavu kwamba nimetumwa na kamati, na kwamba tukiridhika tutachukua nne. Akaniuliza kamati gani. Nikasema ya watu wazito. Akatazama viatu vyangu kwa muda. Mwishowe akanipa Kioo niijaribu wiki moja, ila kitambulisho changu kikabaki kwenye droo yake.

Kwa Mzee Fleshi nilianza kwa kumwambia nimemhesabu kuwa mwalimu wangu siku zote. Akajibu kwamba hajawahi kuniona. Nikakaribia kutoa machozi, kwa makusudi. Akachoka kunisikiliza, akanipa Kipofu, lakini kamera yangu ya kazi ikabaki kwake kama rehani. Akaongeza kwamba lenzi ikipata mkwaruzo, hata wa unywele, ile ya rehani nisiifuate tena.

Nina kamera mbili za ndoto na sina ya kazi! Wateja saba wa pasipoti walikuja leo. Kamera za wenyewe siwezi kuzichosha kwa pasipoti. Niliwaelekeza kwa mshindani wangu wa mlango wa pili. Jioni akaja kunishukuru. Kwa dhati kabisa. Hilo ndilo lililoniuma.

Jumatano, 5 Machi

Nimebandika gazeti ukutani sebuleni. Napiga gazeti kwa Kioo, napiga gazeti kwa Kipofu. Karibu, mbali, pembeni. Fremu mia moja na arobaini. Pipi alimuuliza mama yake kwa nini baba anaupiga picha ukuta. Mama yake akasema amuulize baba. Hakuniuliza.

Mama mkwe amewasili na sanduku na magoti yake mabovu. Saa kumi na moja mwanga ulikuwa mzuri mno mlangoni, wa rangi ya chai nyepesi, na wote walikuwa wamekaa pale pale. Mke wangu akasema, kwa nini tusiipige sasa hivi tumalize. Nikamweleza kwamba matokeo hayajatoka. Siwezi kupiga picha ya miaka mitatu kwa kamera ambayo haijathibitishwa. Akasema sawa. Alivyolisema lile sawa sikulipenda, lakini nilikuwa na kazi.

Kisha akaja shemeji, mdogo wake mke wangu, muuza makava ya simu. Akanionyesha picha ya Pipi anakula, kaipiga kwa simu, dakika hiyo hiyo. Midomo imejaa mchuzi, macho yanawaka. Picha ilikuwa nzuri. Naandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Yeye nilimwambia ina chembechembe.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua tangu alfajiri. Vibaya sana leo.

Nilimkuta mke wangu chumbani, amekaa juu ya sanduku ili lifunge, analia peke yake, bila sauti. Mwanga wa dirisha ulikuwa umempata shavu moja. Nikainua Kioo taratibu. Kidirishani walikuwa wake wawili wanalia. Nikazungusha pete, wakawa mmoja. Nikapiga. Safi!

Kisha nikakumbuka: ulinganisho. Bila fremu ile ile ya Kipofu, hii haina thamani ya kitaalamu. Nikakimbia sebuleni. Niliporudi alikuwa ameshafuta uso, ananiuliza kama nitakunywa chai. Nikamwomba alie tena kidogo, sekunde mbili tu, akae vile vile na shavu lile lile.

Halafu akachukua shati langu, akalinyoosha kwa kiganja, akalikunja, akaliweka kabatini. Kwa kuwa haina mwenzake, nikaifuta ile fremu ya Kioo. Haki ni haki.

Ijumaa, 7 Machi

Alama: Kioo tisa, Kipofu tisa. Balaa! Kioo ni safi kwenye vivuli. Kipofu ina rangi tamu za ngozi, ingawa mpaka sasa nimeipima kwa gazeti na ukuta tu. Kioo ni nyepesi. Mlio wa Kipofu ni wa adabu.

Wakati wa chakula shemeji akatia mdomo. Alisema kamera isiyo na skrini ni ugonjwa, na kwamba mimi bila kutazama nilichopiga siwezi kutoa picha hata ya mbuzi aliyefungwa. Mama mkwe akacheka. Nikasimama. Nikatangaza mbele ya wote kwamba kesho picha itapigwa kwa Kipofu pekee, Kioo itabaki kabatini, na simu hata moja isitoke mfukoni. Atakayetoa simu amenivunjia heshima ndani ya nyumba yangu.

Mke wangu akauliza kwa upole, je, hatuwezi kutumia zote, tena na simu juu yake, kwani picha zikizidi kuna ubaya gani. Nikamwambia asinishushe mbele ya ndugu yake. Akaendelea kumchambulia Pipi samaki miiba.

Jumamosi, 8 Machi

Siku yenyewe. Jua kali, upepo, vumbi la barabarani lote lilikuwa uani kwetu. Nikakumbuka mkwaruzo wa unywele, nikaifunga lenzi ya watu vizuri kabla ya kutoka ndani.

Niliwapanga kwenye ukuta wa nyuma. Mama mkwe kwenye kiti, Pipi mapajani kwake, mke wangu nyuma katika gauni la bluu, na nafasi yangu kulia kwake. Kamera kwenye stendi ya miguu mitatu. Mwendo wa kufyatua na ukubwa wa tundu la mwanga nilipanga mwenyewe kwa mkono. Hatuachii mashine kufikiri. Kidirishani walionekana wazi, nikawaunganisha wawili wawili mpaka kila mmoja akawa mmoja. Ila kulikuwa na kimshale chekundu kinaniambia giza. Giza! Saa nne asubuhi, jua linachoma utosi! Kipima mwanga cha Kipofu ni kibovu. Nimeipunguzia alama.

Taima ni ya sekunde kumi. Nabonyeza, nakimbia, nasimama, natabasamu. Mara kumi na saba. Mara ya kumi na mbili nilijikwaa, nikaanguka chini mzima mzima, na nilipoinuka mke wangu alikuwa ananishika bega, anacheka mpaka machozi. Mama mkwe anacheka, Pipi anapiga makofi. Hapo hapo Kipofu ikalia, tik. Nikajua. Ile ndiyo yenyewe! Kisha nikapiga saba za wao watatu.

Shemeji alisimama pembeni muda wote, mikono mfukoni. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alitii.

Uwanja wa ndege. Mke wangu alimkumbatia Pipi mpaka mtoto akalalamika anabanwa. Mimi akanishika kola, akaniuliza kama picha imetoka. Nikasema imetoka, tena imetoka sana. Akatabasamu, akaingia ndani. Tulikaa kwenye uzio mpaka Pipi akasema haoni tena ndege. Mimi nilikuwa siioni kitambo.

Jumapili, 9 Machi

Nyeusi.

Fremu ishirini na nne. Zote nyeusi tititi. Kwanza nikadhani kompyuta. Nikaizima, nikaiwasha. Nikadhani memori kadi. Kisha nikaigeuza Kipofu pale mezani na kuitazama usoni. Kifuniko cha lenzi kilikuwa mahali pake, kimekaa vizuri, kama nilivyokifunga jana asubuhi.

Kwa kamera ya kawaida ungeona giza na ukafungua. Hii unachungulia kidirisha cha pembeni, na kidirisha hakina habari na kifuniko. Nililiona gauni la bluu. Nilimwona kila mtu. Lenzi ndiyo haikumwona yeyote. Na skrini ya kunionya haikuwapo.

Nilikaa studio na mlango umefungwa. Nililia kidogo, naandika kama lilivyo. Kisha nikampigia shemeji. Nikamuuliza, kwa mzunguko mzunguko, kama labda aliniasi jana, hata mara moja, hata kwa bahati mbaya. Akasema hapana, shemeji, si ulikataza. Nikamweleza. Hakucheka. Nilimsubiri acheke.

Jumatatu, 10 Machi

Amepiga simu. Amefika salama, baridi ni kali, chumba kimoja wanalala wauguzi watatu. Wenzake wawili wameshatundika za kwao. Yeye ameacha nafasi juu ya kitanda, na gundi ya karatasi ameshaibandika, pembe nne. Akaniuliza naituma lini.

Nilikuwa nimeandaa uongo wa aina tatu. Hata mmoja haukutoka. Nikamwambia ukweli, kifuniko na yote. Nikasikia mtu anafungua bomba nyuma yake. Akauliza kama basi ipo ile ya siku ya mvua, alinisikia napiga. Nikamwambia niliifuta. Akauliza kwa nini. Nikamwambia haikuwa na mwenzake.

Akaomba aongee na Pipi. Kisha na mama yake. Mimi sikurudishiwa simu. Mama mkwe ananiwekea sahani mezani, anaigeuza kidogo ili ikae sawa, anaondoka. Hata kuguna haguni. Naona vibaya sana.

Jumanne, 11 Machi

Leo ni kurudisha kamera, na uamuzi sina. Nilifungua zile nyeusi mara ya mwisho nizifute. Nikazikuza. Nikazikuza zaidi. Subiri kwanza! Weusi ule ulikuwa safi ajabu. Chembechembe hakuna. Doa hakuna. Nikaruka kitini. Kumbe jaribio la giza sikulifanya kwa Kioo!

Mambo yafanywe kwa haki. Kiti kile kile nikakitoa uani, stendi mahali pale pale, saa ile ile ya nne. Nikaifunga Kioo kifuniko kwa mkono wangu. Sekunde kumi. Nikabonyeza, nikakimbia, nikasimama kulia kwa pale alipokuwa amesimama, nikatabasamu. Mara kumi na saba. Ya kumi na mbili nilijaribu kuanguka vile vile, nikaumia goti. Mama mkwe alichungulia dirishani, akafunga pazia. Kwenye ya kumi na tatu Pipi akatoka, akapanda kwenye kiti bila kuitwa, akatazama mbele na mikono mapajani. Akauliza kama mama ataiona hii. Nikamwambia anyamaze, tunatingishika.

Matokeo: Kioo ina chembechembe tatu upande wa kushoto chini. Kipofu haina hata moja. Yamekwisha! Mchana nimeuza taa za studio kwa mshindani wangu, nimemrudishia dada wa glavu Kioo yake na kumwambia kamati imevunjika, na nimelipa Kipofu. Ni yangu! Mzee Fleshi alinikabidhi ile ya rehani akaniuliza kama familia ilitoka vizuri. Nikamwambia weusi wake hauna mfano.

Nimemwandikia mke wangu ujumbe mrefu. Nimemweleza kwamba zile ishirini na nne hazikupotea bure, ndizo zilizoamua kila kitu, na nimemwambatishia ile ya kumi na mbili aikuze ajionee mwenyewe. Ameusoma saa nane na dakika tano. Hajajibu. Nadhani simu yake haina skrini nzuri.