Hongera, Kanada

Jumapili, 3 Aprili 2005

Tetesi zimethibitishwa. Karani mmoja kati yetu wawili, mimi au Wesley, atahamishiwa Qurayyat, mji wa wavuvi ng'ambo ya milima. Ofisi ya chumba kimoja, kreti za samaki, paka, na barabara ya milimani ambayo abiria huipita wamefumba macho. Mimi hufumba macho hata kwenye lifti. Isitoshe, Pelagia wa kwaya ameanza juzi tu kuniita Cyprian. Kabla ya hapo nilikuwa "wewe wa besi".

Mwamuzi ni meneja mpya, Madam Colleen, Mkanada. Kikombe chake cha chai kina picha ya mwanamke mwenye kofia ngumu na gongo. Bi Kheiria, msimamizi wetu, anasema huyo ni mchezaji wa hoki ya barafuni, na kwamba tangu mashindano ya dunia ya wanawake yaanze jana huko Uswidi, Madam hana mazungumzo mengine.

Nikapata wazo. Nikaliogopa. Nikalipenda.

Jumatatu, 4 Aprili

Mkahawa wa intaneti, Ruwi. Nimekariri historia nzima ya mabingwa wa dunia. Sijapata kusoma somo tamu kama hili. 1990, Kanada. 1992, Kanada. 1994, 1997, 1999, 2000, 2001, 2004: Kanada. Wa pili Marekani, kila mara, kama mimi darasa la saba nyuma ya binti wa mwalimu mkuu. Olimpiki ya 1998 walishinda Marekani, lakini hilo linaharibu mpangilio. Nimeliacha.

Jumanne, 5 Aprili

Nilimtajia Madam miaka yote nane mlangoni, bila kupumua. Akaweka kikombe chini. Akasema hakutegemea kumkuta mpenzi wa hoki kutoka Bukoba. Mpenzi! Mchana sikula kwa furaha.

Jumatano, 6 Aprili

Wesley ameanza kunusa. Akanivuta kando ya mashine ya fotokopi na kuniuliza nini hicho ninachomnong'oneza bosi, wacha ubinafsi bana, hata yeye ana haki ya kupendwa. Nikaona nimtupie ndoano. Nikamwambia ni siri: mwaka huu Marekani wanachukua. Akanishukuru. Akaninunulia sambusa mbili. Nilizila huku nikimwonea huruma.

Alasiri nikamsikia akimwambia Madam kwamba, kwa heshima zote, yeye anaona Marekani. Madam alicheka hadi akafuta macho. Kwaheri, Wesley. Nisalimie paka.

Ijumaa, 8 Aprili

Baada ya misa (huku Uarabuni Ijumaa ndiyo Jumapili yetu) nilikwenda mtaa wa Ansab kwa Anjelina, dada wa kwetu anayeoka keki za harusi. Fainali ni kesho jioni: Kanada na Marekani. Bao hata moja halijaingia kwenye goli la Kanada. Nikamwagiza keki: krimu nyeupe kama barafu, wanawake wenye magongo, na maandishi HONGERA KANADA. Kiswahili, ili iwe na ladha ya ofisini kwetu.

Anjelina akauliza, je, wakishindwa? Nikamwambia mtu haulizi jua litatoka upande gani. Akauliza magongo yenyewe yakoje. Nikasema ni mti mrefu, umepinda chini. Akasema sawa, jembe.

Jumamosi, 9 Aprili

Fainali jioni hii. Sikuona haja ya kufuatilia. Nimepiga pasi shati.

Jumapili, 10 Aprili

Nilifika na sanduku. Macho ya Madam mekundu. Nikajua amekesha akishangilia.

Nikafunua. Wanawake sita wakilima theluji. Wesley akatazama, akainama haraka kama mtu aliyeangusha kalamu, na mabega yakaanza kumtikisika. Madam akauliza maandishi yanasemaje. Bi Kheiria akawahi: yanasema Pole, Kanada. Madam akashika kifua. Akasema hata wanawake wenyewe wameinama kwa majonzi, hajawahi kuona roho njema namna hii.

Nikashtuka. Pole ya nini? Nikaona wazi kwamba Bi Kheiria yuko upande wa Wesley. Nikakohoa. Nikasema, kwa heshima, tafsiri hiyo ina kosa. Nikatoa iliyo sahihi. Nikaongeza pongezi zangu binafsi.

Bi Kheiria alinikuta jikoni. Mechi ilikwisha bila bao, Kanada wakapoteza kwa penalti. Mara ya kwanza tangu 1990. "Wee mtoto wee," akasema, "nnakutupia kamba, nawe waikata kwa meno!"

Madam amesema Wesley ndiye pekee humu ndani anayejua kuusoma mchezo. Wesley akanikatia kipande cha keki, chenye herufi HO.

Jumamosi, 23 Aprili. Qurayyat

Barabarani nilifumba macho mwanzo hadi mwisho. Paka ni kumi na mmoja. Pelagia ametuma salamu kwa "yule wa besi".

Lakini nimetafakari kwa makini na kosa langu nimeliona. Nilitegemea mabingwa wa zamani. Enzi ya Kanada imekwisha. Kuanzia sasa ni Marekani, kila mwaka, daima. Februari kuna Olimpiki, na mwezi huohuo atakuja mkaguzi kutoka makao makuu. Bi Kheiria ananiambia ni Mmarekani. Nimempigia Anjelina. HONGERA MAREKANI, krimu nyeupe, na safari hii magongo nitayachora mwenyewe.

Wesley naye amepiga simu kuuliza nani atachukua. Nimemwambia ni Uswidi.