Mume Wangu Ametangaza Kwamba Anahitaji Chai

Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo cha Kompyuta,

Natumaini u mzima na ofisi inakwenda vizuri, maana kwangu mambo hayaendi. Mimi ni fundi cherehani, mke wa yule mtengeneza kurasa za tovuti kwa lugha ya Java, anayekaa karibu na dirisha. Tangu mmfundishe mtindo wenu mpya, nyumba imenishinda.

Alinieleza nikamwelewa. Zamani kila ukurasa ulihangaika kujitafutia vitu vyake. Siku hizi unataja tu unachohitaji, na seva, ile kompyuta kuu inayozihudumia kurasa, inauletea. Tena vitu vya wote huwekwa mahali pamoja, kurasa zote zikavitumia. Kwenye kompyuta sina neno. Nyumbani, malalamiko yangu ni haya:

1. Kwenye kiti chake amebandika karatasi: "Nahitaji chai." Jiko liko nyuma ya kiti hichohicho. Nilipomuuliza kulikoni, alinijibu bila hata kugeuka, "Mke wangu, ukurasa haufuati kitu. Unaletewa." Yaani seva ni mimi.

2. Amekusanya saa zote akazifungia kabatini, akaacha moja sebuleni, ya wote. Mama mkwe akaisogeza mbele ili mgeni wake, mpiga domo, aage mapema. Mgeni aliaga, sikatai. Ila kesho yake nyumba nzima tuliamka kungali giza, nami nikafungua kibanda changu nikakaa na mbu.

3. Binti yetu kaandika juu ya mtihani wa hesabu: "Nahitaji majibu." Hakuletewa. Mwalimu katuita, na baba mtu kabandika kwamba anahitaji mtu wa kwenda.

4. Mama mkwe, niliyemtegemea anitetee, naye kabandika mlangoni mwetu kwamba anahitaji mjukuu mwingine. Hapo nilicheka, kisha nikalia.

Kwa heshima zote naomba mniletee seva ya kukaa jikoni, ama mnirudishie mume wangu wa zamani, aliyekuwa akijitafutia soksi. Nampenda, ndiyo maana inaniuma. Mkikataa nahamia kwa dada yangu. Begi limeshafungwa, liko mlangoni.

Wasalimie wenzake wote, bila kumsahau mlinzi wa getini.

Wako kwa uchungu na adabu,
Mke wa mtaalamu wenu

N.B. Kabla sijaifunga barua hii, hasira zilinipanda nikabandika karatasi juu ya begi: "Nahitaji mtu wa kunizuia." Amekuja mbio, miguu peku, amelirudisha begi chumbani, na chai kaipika yeye. Tafadhali msimguse. Nileteeni tu karatasi za kubandika, zangu zimekwisha.